Gari Lililoondoka Bila Keki

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na mwenyewe aliitika kwa raha. Alioka keki za harusi katika chumba cha nyuma, kwenye jiko kubwa la umeme alilolipata kwa jasho lake, kisha akazipeleka ukumbini kwa kigari chake chekundu. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mwema, msafi kupita kiasi, mwenye maoni juu ya kila kitu, hasa vitu asivyovijua.

Bima ya gari ilikuwa mojawapo. Bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na mabati yako yaliyokunjika, kwake ilitosha sana. Mkewe alikata bima kubwa, inayotengeneza na gari lako mwenyewe, na kila mwaka kinyozi alilalamika kwamba wanalisha watu wasiowajua. Mama Keki hakubishana. Alikuwa na shoga yake, mwokaji pia, aliyeingiza gari mtaroni akiwa na bima ndogo, akauza jiko ili atengeneze gari. Sasa shoga yule ana gari zuri na hana cha kubeba. Mama Keki alilala na hofu hiyo na kuamka nayo: gari likiharibika, jiko litafuata.

Ua wao ulikuwa na mteremko, na Mama Keki aliamini kwamba breki ya mkono ikivutwa na kuachiwa inatikisa gari na kupasua maua ya sukari. Kwa hiyo akipakia keki alizuia magurudumu kwa mawe mawili. Akishakaa kwenye usukani, kinyozi huyaondoa polepole, na gari huteleza kwa adabu kama bibi harusi mwenyewe. Mazoea hayo hayakuwahi kuwaangusha.

Jumamosi hiyo kulikuwa na keki ya ghorofa tano. Kinyozi alikuwa anafagia ua huku simu imebanwa begani, akimfafanulia mteja wake jinsi bima kubwa ilivyo ya watu waoga. Akafika kwenye mawe. Yalikuwa yanaharibu ua uliofagiwa vizuri, basi akainama, akaokota moja, akaokota na la pili.

Mama Keki alitoka mlangoni na ghorofa ya kwanza mikononi, akaliona gari lake linaondoka bila keki, bila dereva, na bila kuaga.

Kukimbia hawezi, maana ana keki. Kuitua hawezi, maana chini ni vumbi. Akalifuata hivyo hivyo kwa hatua za maarusi, huku mumewe anampita mbio, jiwe huku na jiwe huku, akiliita gari kana kwamba lina masikio. Gari lilivuka barabara, bahati nzuri tupu, likaingia kwenye geti la jirani. Geti likalala. Pua ya gari ikakunjika yote.

Jirani alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyelipenda geti lile kuliko baadhi ya wanafunzi wake. Alitoka amefura. Kinyozi aliyaficha mawe yake nyuma ya mgongo. Mama Keki naye kicheko kilimpanda, akakimeza, kikapanda tena.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Geti lako litalipwa, na gari langu litatengenezwa. Bima yangu ni kubwa. Mimi naomba tu mahali pa kutua hii keki."

Mwalimu alilitazama geti, akaitazama keki, hasira ikakosa pa kushika. Afisa wa bima alipokuja kupiga picha, alimkuta mzee yule anapakia ghorofa ya tano katika gari lake mwenyewe, ambalo hata pipi hairuhusiwi kuliwa ndani. Aliendesha taratibu hadi ukumbini, akiwakaripia njiani wote waliompigia honi.

Jioni Mama Keki alimkuta mumewe chumba cha nyuma, anapangusa jiko lililokuwa safi tayari.

"Nilipoliona gari limekunjika," alisema kinyozi, "nilikiona hiki chumba kitupu."

"Mimi nakiona kila siku, baba watoto. Ndiyo maana nalipa."

Kinyozi aliona aibu, na aibu ikageuka kicheko, wakacheka wote hadi wakashikilia meza.

Gari lilirudi kutoka gereji linang'aa kuliko siku waliyolinunua. Jumatatu yake, kupitia dirishani, Mama Keki alimwona na kumsikia mumewe kwenye kibanda chake cha kinyozi pembeni mwa ua, mashine ya kunyolea mkononi, anamweleza mteja aliyekwishanyolewa nusu kichwa ubora wa bima kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua. Mteja hakuwa na pa kwenda. Mama Keki alimwacha mumewe aendelee, akapima unga, akawasha jiko.