Mtaa Usiosikia Tetemeko

Mama Maswali alikuwa na kazi ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Ardhi ikitikisika, wewe na mimi tunakimbilia nje, tunaitana majina, tunahesabu watoto, kisha tunarudi ndani kutafuta kandambili. Yeye alikuwa anatafuta kalamu. Kesho yake asubuhi ungemkuta mlangoni kwako, raba miguuni, fomu zimebanwa kifuani, anabisha hodi kama jirani aliyekuja kuazima kiberiti.

"Samahani ndugu yangu, jana saa tisa na dakika kumi alasiri ulikuwa wapi? Umekaa, umesimama, au umelala?"

Swali hilo nusura livunje ndoa mbili. Bwana mmoja alijibu haraka kwamba alikuwa kazini, mkewe akadakia kuwa siku hiyo kazini walifunga saa sita, na Mama Maswali ikabidi ajikohoze na kuuliza habari za kabati la vyombo. Jina la utani alilipata katika mizunguko hiyo, wala hakulichukia. Alisema afadhali hilo kuliko kuitwa "yule wa serikali".

Ofisi ya matetemeko ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya ofisi ya maji. Mkuu wake alikuwa msomi mwembamba asiyejua kumaliza kikombe cha chai, na watu walimwita Daktari wa Mawe. Alikuwa na vipimo vinne tu vya tetemeko kwa mji mzima, vimefukiwa kwenye vibanda vya saruji. Vinne havitoshi kuujua mji. Tetemeko likizuka huko chini, mawimbi yake husambaa kila upande. La kwanza hufika mbio na kusukuma. La pili hufuata likiyumbisha vitu huku na huku, na hilo ndilo baya kwa kuta. Sasa, mawimbi hayohayo yakipita kwenye mwamba hupita yakaenda zake. Yakiingia kwenye udongo laini hukaa humo yakacheza, yakakua. Nyumba mbili zilizoachana hatua mia tatu, moja inamwagikiwa na chai, nyingine inaangukiwa na paa. Ndiyo maana palipokosa kipimo, Daktari alimtuma Mama Maswali.

Naye alijua kazi. Watu wakiogopa hutia chumvi, na wakiona aibu kwamba walikimbia na taulo hupunguza. Kwa hiyo yeye aliingia ndani na kuvihoji vyombo. Glasi ngapi zilianguka, na kwa upande gani? Maji ya ndoo yalimwagika au yalichezacheza tu? Taa ya kuning'inia iliyumba? Kutokana na majibu hayo aliipa kila nyumba namba, kuanzia moja mpaka kumi na mbili. Moja maana yake hakuna aliyesikia kitu. Kumi na mbili, alipenda kusema, maana yake hata wa kumuuliza hayupo. Mji wao haukuwahi kuvuka sita, na hakuna aliyelalamika.

Miaka ishirini na miwili ya namba hizo ilikuwa imeingia kwenye ramani kubwa iliyobandikwa ukutani kwa Daktari: kijani palipo imara, njano pa wastani, nyekundu pa kuogopa. Mainjinia walikuja kuitazama kabla ya kujenga chochote. Mama Maswali aliionea fahari ramani ile, na mimi sioni kwa nini asiionee. Alikuwa ameitembea yote kwa miguu yake.

Nyumbani aliishi na binti yake wa pekee, mkunga wa zahanati. Chumba cha kujifungulia hapo zahanati kilikuwa na vitanda vinne, na siku nyingine akina mama nane. Kwa miaka sita binti huyo alikuwa anasubiri wodi mpya, anaiombea, anaiandikia barua. Alasiri moja akaingia nyumbani na sare yake, bila hata kuvua viatu.

"Mama! Tumepata kiwanja!"

"Weee! Wapi?"

"Mtaa wa Mashine. Ghorofa mbili, vitanda kumi na viwili. Na unajua kwa nini wamepachagua pale? Ramani yenu! Mtaa mzima ni kijani. Wanasema msingi wa mita moja na nusu unatosha. Mwezi ujao wanaanza."

Mama Maswali alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Kwa kuwa kazi yake, ile ya kugonga milango ya watu na kufukuzwa na mbwa wao, ndiyo iliyomtafutia mwanawe wodi, aliona sasa anaweza kuondoka kifua mbele.

Jumamosi akaenda kukiona kiwanja. Mtaa wa Mashine una mashine saba za kusaga unga, zote zinanguruma tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Kiwanja kilikuwa jirani na mashine kubwa kuliko zote, mali ya Mzee Pumba, aliyeitwa hivyo kwa sababu pumba zilikuwa hazimtoki kwenye nyusi hata akienda harusini. Mkewe alimwona Mama Maswali akizungukazunguka, akamvuta ndani kunywa chai.

Ilikuwa mara ya kwanza kuingia katika nyumba ya mtaa ule. Hilo alilitambua alipokwisha kukaa. Ndani ya nyumba hapakuwa na rafu hata moja. Sahani zilikuwa kwenye beseni sakafuni. Vikombe vilining'inia kwenye misumari, kila kimoja kimefungwa kwa kamba.

"Dada, mbona vikombe umevifunga kama mbuzi?"

"Sasa ningeviweka wapi?" mwenyeji akajibu kwa sauti ya juu, kama wanavyosema wote wa mtaa ule. "Hapa ukiweka kitu juu, kufika saa nne kiko chini. Mashine hizi zinatikisa mpaka meno!"

"Na tetemeko je? Lile la mwezi wa tatu?"

"Hilo tulilisikia kwa watu wa sokoni. Sisi tungelijuaje?"

Mama Maswali alitazama kikombe chake. Chai ilikuwa inatetemeka, duara ndani ya duara, na mwenyeji wake wala hakuwa na habari. Hamu ya chai ikamtoka.

Kwa miaka ishirini na miwili, kila tetemeko, alikuwa amefika mtaa ule kama mitaa mingine. Lakini kwa sababu ya kelele, hapo alihojia mlangoni. Alipiga kelele, "Mlisikia tetemeko?" Wakatikisa vichwa. Akaandika moja, akaenda nyumba ya pili. Fomu mia na zaidi, zote moja. Hakuna aliyemdanganya. Watu wanaotikiswa kutwa nzima hawakulisikia tetemeko, na vyombo visivyo na pa kuangukia havikuanguka, naye akaenda akamwambia Daktari kwamba pale chini pana mwamba.

Nisimpambe. Alifikiria kunyamaza. Huenda udongo ni mgumu kweli, alijiambia. Huenda. Alizunguka na neno lile Jumapili nzima. Aliwaona akina mama kumi na wawili juu ya mita moja na nusu ya zege na neno "huenda". Jioni akamfuata binti yake, aliyekuwa anapiga pasi sare, akamweleza yote.

Binti hakuinua macho. "Watachelewa kuanza?"

"Nadhani."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka. Labda na zaidi."

"Mama, jana nimemzalisha mtu sakafuni." Pasi ilikwenda na kurudi. "Miaka yote hiyo unauliza watu maswali, hili moja ndiyo umelikumbuka leo?"

Mama Maswali ilimuuma, tena sana, kwa sababu mwanawe alikuwa na haki. Kuanzia siku hiyo waliishi kwa "ndiyo", "hapana" na "chakula kipo jikoni".

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya Daktari wa Mawe akasema bila kuzunguka kwamba kijani cha Mtaa wa Mashine ni batili.

Daktari akaweka chai chini. "Kwa nini hukuingia ndani, mama?"

"Kelele, Daktari. Na uvivu kidogo."

"Kuna mtaa mwingine ulihojia mlangoni?"

"Hakuna. Nakuapia."

Mama Maswali alikuwa amejiandaa kusikia kwamba fomu zake zote zitakwenda jalalani. Badala yake Daktari alivuta droo akatoa kipimo kidogo cha kubeba mkononi. Ardhi, alimweleza, haijawahi kutulia hata sekunde moja. Hutetema kidogo kidogo kwa upepo, kwa magari, kwa bahari za mbali, na udongo laini hutetema kwa namna yake. Kipimo kile kingesikiliza namna hiyo na kueleza kilichomo chini. Shida ilikuwa moja. Zile mashine saba zingezima kila kitu kwa kelele zake, na zilipofungwa jioni, magunia yalikuwa yanapakiwa kwenye malori mpaka alfajiri. Zilipaswa kunyamaza mchana, kwa saa moja, na watu nao watulie.

Kazi ya kwenda kumwomba Mzee Pumba aliachiwa Mama Maswali.

"Saa nzima? Siku ya kazi? Mama, unanitakia mema kweli?"

"Utasaga baadaye, Mzee. Mahindi hayana miguu."

"Hicho kipimo chako hakiwezi kusikiliza hivihivi, na kelele za mashine?"

"Kwani wewe unaweza?"

"Eti?" Mzee Pumba akaweka mkono sikioni, kisha akajishtukia, akaanza kucheka mpaka pumba zikamdondoka. Alikubali, na wenzake sita akawashawishi yeye mwenyewe.

Jumatano saa nne asubuhi mashine zikazimwa, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo Mama Maswali alipoona kitu ambacho hajakiona katika tetemeko lolote. Mtaa mzima ulikimbilia nje. Mtoto mchanga aliyezoea kulala katikati ya ngurumo aliamka akilia. Bibi mmoja alitoka ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Jamani, kuna nini? Mbona nyumba imesimama?"

Watu walijiona wanayumba, kama mtu aliyeteremka basi baada ya safari ya siku mbili. Mzee Pumba alimwita mkewe kwa sauti yake ya kila siku, mtaa mzima ukageuka kumtazama, naye akaona haya. Daktari akawaomba wote wakae vizingitini wasitembee. Wakakaa saa nzima, wakinong'onezana kwa furaha ya watoto waliokatazwa kusema, wakagundua kwamba mti wa jirani una ndege.

Kipimo kilipomaliza, Daktari alimwonyesha Mama Maswali mstari kwenye kioo. Ulipanda ukashuka polepole, mpana, kama mtu anayebembea. Kule mlimani kwenye mwamba mstari kama huo ulikuwa karibu umenyooka.

"Hapa chini ni uji, mama," alisema. "Zamani palikuwa bwawa, nadhani. Tetemeko ambalo kwako nyumbani ni nne, hapa ni sita au saba. Na ghorofa mbili juu yake."

Mainjinia walivunja mchoro wao wakaanza upya. Msingi sasa ungekuwa wa nguzo za zege zilizochimbiwa mpaka zikute mwamba, na wodi ingechelewa mwaka mmoja na miezi miwili. Daktari akachukua rangi nyekundu akapaka Mtaa wa Mashine, kisha akampa Mama Maswali karatasi aandike sababu kwa mkono wake. Aliandika: "Niliuliza mlangoni. Nilipaswa kuingia ndani." Akaweka sahihi. Daktari akaweka yake chini, akasema ripoti fupi na nzuri kama hiyo hajawahi kuletewa.

Akastaafu kwa amani. Walimpa saa ya ukutani na maneno mazuri, akazoea kuamka jua likiwa juu, akapanda nyanya nyuma ya nyumba, na mchana alilala usingizi mzito wa mtu asiye na anachoficha. Kilichobaki kumkereketa ni ule ukimya wa jikoni. Binti yake hakumkosea adabu hata siku moja. Ila alirudi kazini amechoka, miguu imevimba, akala, akaosha sahani, akaingia chumbani kwake.

Mwezi wa tano tangu astaafu, Mama Maswali alikuwa anatoka sokoni na mfuko wa viazi akapitia Mtaa wa Mashine. Mtambo wa kuchimba ulikuwa umesimama kiwanjani ukinguruma kuzishinda mashine zote saba, na Mzee Pumba alikuwa ametoka kuutazama kwa wivu. Pembeni ya uzio, katika sare yake, alisimama binti yake. Ulikuwa muda wake wa mapumziko ya mchana. Mama akasogea akasimama naye.

Mtambo ulikuwa unatoa tope jeusi, zito, lenye harufu ya maji yaliyolala. Lilitoka na kutoka. Ghafla mlio ukabadilika, ukawa wa chuma kukwaruza jiwe, na msimamizi akanyanyua mkono.

"Mwamba!" akapaza sauti. "Mita kumi na tisa!"

Binti alimwita karibu. "Samahani kaka. Hizo kumi na tisa zote ni tope?"

"Tope tupu, nesi. Unaona mwenyewe."

Akalitazama lile tope lilivyotandaa mpaka kwenye vigingi vilivyoonyesha ukuta wa wodi utakapopita. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, huenda mita, huenda vitanda. Kisha akageuka, akanyoosha mkono, akampokea mama yake mfuko wa viazi.

"Twende mama," alisema. "Nina nusu saa, nikusindikize mpaka nyumbani."