Kanuni ya Hesabu kwenye Ukuta wa Jiko Langu

"Futa, Tupokigwe! Ukuta nimeusiliba juzi kwa udongo mweupe, wewe unauchora kwa mkaa!"

"Bibi, nikifuta, watoto wangu wa darasani kesho wanafeli mtihani."

"Watoto gani, mke mwenzangu, na mume hujatuletea?"

Hakucheka. Mjukuu wangu ni mwalimu wa hesabu hapa Tunduma. Jioni huwafundisha kwa simu wanafunzi wa huku, wa Mlowo hadi Kamsamba, kundi moja la WhatsApp. Hajawahi kutulia huyu. Nilimfunga mgongoni akiwa mchanga, akanyoosha kidole na kupanga foleni ya malori mpakani, madereva wakatii. Asiyeamini akawaulize.

Siku hiyo alizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu inalia, anaisoma, anaiweka, anaishika tena.

"Tazama kanuni hii, Bibi. Hivi vyote vya juu vinabebwa na huyu wa chini, 2a. Katikati kuna mstari mrefu. Nikiandika kwenye simu mstari unapotea, vinajipanga safu moja. Wanafunzi wanagawanya kwa 2a kile cha mwisho tu, jibu linakosewa."

"Yaani mzigo umeshuka kichwani, unatembea kando ya mbebaji?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi 2a mvivu. Mimi nilibeba gunia la mpunga toka Kamsamba, juu yake mbuzi mwenye mimba. Kufika Tunduma, nashusha mbuzi wawili."

"Bibi, acha! Nimepiga picha ya daftari, imetoka ukungu tupu. Hapa ukutani herufi kubwa, zitasomeka. Sogea, unatia kivuli!"

"Nisogee kwenye jiko langu?"

"Jua linaondoka mlangoni!"

Nikasogea, nikinuna. Akapiga picha, akaituma, akaanza tena kuzunguka.

"Imekwenda?"

"Bado. Mtandao unasuasua. Na Mama Ketrina ameandika kundini, mbele ya wazazi wote, kwamba nafundisha uongo, anamtoa mwanawe. Wengine watamfuata."

"Uongo? Hiyo kazi yangu, wewe hujui hata kuanza!"

"Bibi, nao wanakariri ile kanuni mbovu sasa hivi, wewe una..."

Hodi haikupigwa. Mama Ketrina alikuwa ameshaingia, simu mkononi, kinywa wazi tayari kugomba. Binti yake Ketrina, aliyekuwa nyuma, akampita mama yake, akaweka kidole ukutani kwenye ule mstari mrefu, akaufuata taratibu toka mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe 2a inabeba vyote, Mama," akasema, nami nikasogea tena nisimtie kivuli.