Fedha za Jicho la Mama Mkwe

Adabu ya ukwe ndiyo iliyonifanya nisijue, kwa miaka saba, fedha nilizotuma zilipokelewa kwa jina la nani.

Mke wangu ni wa mashamba ya upande wa Fizi, huko Kongo. Mimi nilizaliwa Bukavu, mjini, ambako mengi yamelegea, lakini ukioa kwa watu unafuata desturi yao. Kwao mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, hampi mkono, wala hasikilizi anapozungumza na binti yake. Mimi sikuwahi hata kukaa naye chumba kimoja. Tulioana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na mama akabaki kule na kaka wa mke wangu. Kwa hiyo adabu yangu yote niliitimiza kwa simu. Simu yetu ilikuwa haisikiki sikioni, ilisikika kwa spika tu. Ikilia na mke wangu akasema, "Ni mama," niliweka bisibisi chini nikatoka nje, hata kukiwa na mvua. Majirani walinizoea. Wakiniona nimesimama kando ya ukuta wa matofali sina ninalofanya, walijua mama mkwe yumo ndani.

Natengeneza vyerehani. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada na kwa kuharibu mashini mbili zilizokuwa zangu. Vipuri nanunua Chilinde, mjini Lilongwe. Kazi hiyo inalisha watu sita, na kila mwezi sehemu yake inakwenda kwa wakwe. Njia ni rahisi. Hapa kambini yuko mfanyabiashara wa vitenge mwenye ndugu Uvira. Unampa kwacha huku, ndugu yake anampa shemeji yangu franga kule, na kesho yake unaletewa ujumbe wa sauti kwamba zimefika. Mke wangu ndiye aliyezipeleka, kwa sababu duka liko njiani anapokwenda kuuza maandazi sokoni. Sikuona ubaya. Nilidhani naokoa muda.

Kisha macho ya mama mkwe yakaanza kwenda. La kushoto lilikuwa limekufa kitambo; la kulia likaingia ukungu. Shemeji alituarifu kwamba hospitali moja ya kule itapata daktari wa macho kwa juma moja tu. Akilikosa juma hilo, hakuna ajuaye lini atakuja mwingine. Fedha iliyotakiwa nilikuwa nayo. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya mashini ya ovaloki, ya kufunga kingo za nguo, iliyokwisha kutumika, ambayo mwenye duka mmoja wa Chilinde alikubali kunishikia hadi mwisho wa mwezi. Kwa mashini ile ningeweza kushona sare za shule badala ya kungoja mashini za watu ziharibike. Nilifikiri siku mbili. Mashini zitapatikana nyingine, lakini jicho lilikuwa limebaki moja. Nikamwambia mke wangu tutume.

Aliitikia kwa kichwa. Hakushukuru. Nilikasirika kidogo.

Kesho yake, kabla hatujatuma, simu ililia mchana. Mke wangu alikuwa anakanda unga. Mimi nilikuwa nimeipindua mashini ya fundi mmoja, sindano imeshuka, nimeishika kwa vidole viwili ile ndoano ya chini inayodaka uzi, ili niikaze mahali pake hasa. Ukiachia, kazi ya saa nzima inaanza upya.

"Ni mama," alisema, akaningoja nitoke.

Nikamwonyesha vidole vyangu kwa macho. Akasita, kisha akabonyeza kwa kiwiko.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto wangu. Batoto banaamuka?"

"Banaamuka, mama. Macho je?"

"Macho iko vile vile. Jana nilimwanga chai pembeni ya kikombe, bajukuu bakacheka. Na bwana yako? Angali anafungua mashini za bantu?"

"Angali, mama."

"Na ngombe zangu mbili? Baba yako alikufa anazingojea. Ao nazo zilikimbia vita? Labda ziko huko kambini kwenu, banazipatia unga na karti ya bakimbizi."

Mke wangu hakucheka. Mimi, pamoja na aibu, nilikaribia kucheka. Mahari tuliyokubaliana ilikuwa ng'ombe wanne. Ndugu zangu walipeleka wawili, halafu vita ikawatawanya. Wawili waliobaki nadaiwa hadi leo.

Sauti ya mama mkwe ikashuka. "Sikiliza nikuulize kitu moja. Kaka yako anasema franga ya macho imepatikana. Ni ya nani?"

Mke wangu alitazama unga.

"Ni ya maandazi yako, kama ile ya kila mwezi? Ao ni ya ule mukwe?"

"Mama..."

"Njo nakuuliza. Kama ni yake, muiache. Mukwe mwenye deni akinifungua macho, kesho bazee ba kwao batasema, ngombe gani tena, si mama anaona? Ile deni itakufa. Baba yako alinikataza kuisamehe. Heri nibaki na giza yangu. Uniapie kama ni yako."

Mke wangu aliniangalia. Huyu ni mwanamke ambaye akipewa chenji iliyozidi hurudi sokoni kuirudisha. Nilielewa mara moja kile ambacho ningeweza kukielewa miaka saba nyuma kama ningekaa ndani: kila kwacha niliyotuma ilikuwa imefika kule ikiwa maandazi. Nilielewa pia kwamba nikisema neno moja, hata nikikohoa, mama atajua niko hapa, na jicho litapotea.

Nikamwitikia kwa kichwa.

"Ni yangu, mama," akasema. "Naapa."

"Basi Mungu akubariki. We njo mwanaume wa ile nyumba."

Simu ilipokatika ndipo nilipokaza skrubu. Nilikaza vizuri, nikajaribu mshono mara tatu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwanzo, papa." Alikuwa anajipangusa unga kwa aproni. "Ya kwanza kabisa nilimwambia ni yako. Akairudisha kwa kaka, akakaa mwezi muzima bila dawa ya presha. Ningefanya je?"

"Ungeniambia."

"Na ningekuambia, ungeendelea kutuma?"

Lilikuwa swali la haki, na mimi napenda jibu sahihi. Nililitafuta siku kadhaa, bado sijalipata.

Kesho yake nilizipeleka fedha mwenyewe. Mwenye vitenge alizihesabu, akashika kalamu.

"Mutumaji niandike nani? We ao mama ya batoto?"

Jina hilo lingesomwa kwa sauti nyumbani kwa mama mkwe. Njiani nilikuwa nimewaza kulitaja langu, mara moja tu, nione litakuwaje.

"Andika mama watoto."

"Ee! Unaogopa bibi yako hivi?" Akacheka, na wateja wake wawili wakacheka naye. Nami nikacheka, kwa kuwa kueleza kungechukua asubuhi yote.

Juma lile nilikwenda Chilinde kumwambia mwenye duka asinishikie tena ovaloki. Akasema zikomo, yaani asante, kwa kumwarifu, wengine hupotea tu kimya. Nilinunua pakiti ya sindano nikarudi na gari la saa nane. Kutoka barabara kuu sikupanda kabaza, baiskeli ya abiria, nilitembea.

Operesheni ilikwenda vizuri. Bandeji ilipoondolewa, mama mkwe aliomba picha ya sisi sote, mkwe akiwemo, kwa sababu hakuwahi kuniona. Nilimuuliza mke wangu kama desturi inaruhusu. Akasema desturi haikujua picha za simu. Nikavaa koti, nikasimama nyuma ya watoto, nikatazama mbele.

Jibu lilikuja siku ya tatu, na mke wangu akanisimulia kama lilivyo. "Anasema, 'Huyu bwana yako amekonda sana. Usikuwe unatuma yote huku, mutoto wangu. Mulishe.'"

Nilimuuliza kama jicho linaona sawasawa.

"Ameona mpaka kola ya shati yako imeisha," akasema. Kisha akaongeza kwamba kuna dawa ya matone, ya kununua kila mwezi, na nikaingiza mkono mfukoni kuona kilichokuwemo.