Pacha Aliyevunja Ungo Kabla ya Mwenzake

Siku yangu ya kwanza ya kupima watoto nilimpima mmoja mara tatu. Zahanati ilikuwa upande wa Nkololo, na mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'iniza: inafungwa kwenye boriti, mtoto anavalishwa kaptura ya turubai, anaelea hewani, mshale unasoma kilo. Mshale ulitikisika, nami nikatikisika nao. Mganga Msaidizi, mkuu wa zahanati, alitoka chumbani kwake akaitazama foleni ya akina mama, kisha akanitazama mimi.

"Binti, huyu mtoto atakulia hapo hapo kwenye mizani."

Akina mama walicheka. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya stoo.

Ninyi mnaoanza kazi sasa nawaambia wazi: nilikuwa mwoga wa kukosea kupita kiasi. Niliajiriwa kama mhudumu wa usafi. Kupima, kuchoma sindano, kutunza mnyororo baridi, yaani kulinda chanjo isipate joto tangu bohari hadi begani kwa mtoto, yote nilijifunza kwa kutazama na kwa kusoma vitabu vya Kiingereza vilivyoachwa kabatini, kamusi pembeni. Chuo cha uuguzi nilikwenda baadaye. Hofu nilikwenda nayo na nikarudi nayo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, maduka ya dawa yakafunguliwa Bariadi mjini, mitumba ikajaa minadani. Hospitalini watu waliambiwa wachangie gharama, na wengi wakawa wanangoja ugonjwa ukomae ndipo waje.

Msimu mmoja wa pamba alikuja bibi mmoja na mjukuu wake.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma, kisha akaninong'oneza kwamba mtoto anatoka damu. Nilidhani ameumia. Mtoto aliitwa Kulwa, pacha wa kwanza, darasa la pili, hajafikisha miaka kumi. Nilipomwangalia vizuri niliona matiti chini ya sare. Alikuwa amevunja ungo, yaani amepata hedhi yake ya kwanza.

Bibi alinieleza yaliyobaki. Majirani walisema mtoto huyu ameshajua wanaume. Baba yake alisema mwili ukishakomaa hakuna cha kungoja, na mtu mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuwa ameshaleta maneno ya posa. Pamba ikishauzwa, Kulwa angetolewa shule.

Nilimweka Kulwa peke yake nikamuuliza taratibu kama kuna mtu aliyemgusa.

"Hakuna," alisema. "Shikamoo nesi, mimi nakufa?"

Nilimwambia hafi. Kisha nikaenda kwa Mganga Msaidizi nikakiri kwamba zaidi ya hapo sijui kitu, kwa sababu kitabu changu kilizungumzia wasichana wakubwa kuliko huyu.

"Hata mimi sijui," alisema. "Tofauti yetu ni kwamba mimi nitalala usingizi. Kesho pandeni lori la pamba, mpeleke hospitali."

Mganga Mkuu wa Wilaya alimpima Kulwa bibi akiwa pembeni. Aliuliza juu ya maumivu ya kichwa na macho kuona ukungu, akabonyeza tumbo kutafuta uvimbe, akauliza kama nyumbani wanatumia dawa au mafuta yoyote ya ajabu. Kisha akavua miwani.

"Ugonjwa sijauona. Mwili wake umetangulia, basi. Atarefuka haraka halafu ataacha mapema, kwa hiyo msishangae akibaki mfupi. Lakini ndani huyu ni mtoto. Nyonga zake hazijawa tayari kuzaa. Akizalishwa sasa, mtanirudishia maiti." Akanigeukia. "Na wewe usimpoteze. Hawa wanaoanza mapema huko mbele wanahitaji kuangaliwa saratani ya matiti kuliko wenzao."

Njiani kurudi, juu ya magunia matupu ya pamba, Kulwa aliuliza kama sasa yeye ni mtu mzima. Nilimjibu lililonijia: "Mwili wako umetangulia njiani. Wewe tembea polepole, utaukuta."

Jioni ile ile tulimkuta baba yake uani. Nilikuwa nimekariri hotuba nzima, na yote ikanitoka kichwani nilipomwamkia.

"Nesi, mambo ya mwili hayasomewi," alisema. "Embe likiwa jekundu unaliacha mtini lioze?"

Kabla sijajibu, alipita msichana mdogo, mapengo mbele, amebeba mgongoni gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa kama mtoto. Alikuwa Doto, pacha wa Kulwa.

"Baba, na huyu anaolewa lini?" niliuliza.

Alicheka. "Huyu? Huyu si bado ananyonyesha gunzi!"

"Kulwa alimtangulia kwa muda gani kuzaliwa?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Muda wa kusonga ugali. Mimi ndiye niliyewapokea." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikabadilika. Kwetu mapacha, mabasa, hufanyiwa mambo pamoja. Ukimnunulia mmoja kanga, humnyimi mwenzake. "Mabasa hawatenganishwi. Ukimwoza Kulwa, mwoze na Doto siku hiyo hiyo, na gunzi lake. Ama wote wangoje."

Baba alimtazama Doto. Hakucheka tena. "Basi wangoje," alisema.

Jumapili nilikwenda mnadani nikamchagulia Kulwa sidiria ya mitumba. Bibi alinituma nirudi nikamnunulie na Doto. Doto aliivaa yake kichwani.

Nilihamishiwa Malampaka, kisha Nassa, na kila nilikopangiwa niliwatafuta wasichana wa namna ile. Niliendelea kujisomea, nikajua kwamba waliotangulia kubalehe wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari na presha ukubwani. Si hukumu. Ni sababu ya kupima mapema, basi.

Sasa nimestaafu, naishi Bariadi, mashine yangu ya presha iko kabatini. Kulwa alimaliza shule, akaolewa kwa wakati wake, ni mfupi kuliko Doto kwa kichwa kizima. Presha yake ilianza kupanda, tukaiona mapema, anakunywa dawa na imetulia. Kila anapokuja huja na Doto, naye hudai apimwe. Bado napima mara tatu.

Juzi walikuja na binti wa Kulwa, ambaye kifua chake kimeanza kuchomoza ilhali bado anaruka kamba. Nilijiandaa kumtuliza mama mtu. Hakuhitaji. Alikuwa ameshampeleka hospitali mwenyewe.

"Bibi," binti aliniuliza, "mimi sasa ni mtu mzima?"

Nilifungua mdomo, Kulwa akaniwahi. "Mwili umetangulia njiani, mwanangu. Wewe tembea polepole, utaukuta."

Mtoto alifikiri kidogo, akachukua kamba yake akatoka uani kuruka.