Kikapu cha Ukutani

Stoo ya kikundi cha wanawake wasuka vikapu iko Mlandege, Iringa mjini, nyuma ya mashine ya kusaga, na harufu yake haijabadilika: majani ya milulu ya kusukia yaliyokauka, moshi ulioganda kwenye makoti ya baridi, vumbi la unga linaloingia dirishani. Ukutani kuna kikapu kimoja ambacho hakiuzwi. Alikisuka shangazi yangu Faustina, zamani, alipokuwa na vidole vya kusuka bila kutazama. Majani yake yamegeuka rangi ya asali, lakini mpaka leo kila kikapu kinachoingia humo hupimwa kwa hicho: mdomo ulingane na ule, msuko ubane kama ule.

Kipimo cha mwisho alikibuni mwenyewe. Kikapu huwekwa mezani kikiwa kitupu, kikasukumwa kwa kidole kimoja. Kikitulia, kimepita. Kikicheza, kinarudi kwa mwenyewe akakifumue. Nikiwa mdogo nilimwona akiwarudishia wanawake wenye umri wa mama yake. Waliondoka wamenuna, wakarudi na kazi safi. Walisukia barazani kwake wakiimba nyimbo za kwaya kwa Kihehe, na aliyekosea alijulikana mapema, kwa sababu alinyamaza.

Devota alijifunzia kwenye baraza hiyo. Shangazi alimfumulia kitako cha kikapu chake cha kwanza mpaka akalia. Sasa Devota ndiye mkaguzi. Kikundi kilimpeleka Mbeya kwenye semina ya ubora, akarudi na desturi moja: kikapu kikiwa na kasoro halaumu mtu, anauliza kwa nini, halafu kwa nini tena, mpaka afike kwenye chanzo, akakiandika daftarini. Wanawake wakampa jina la Mama Kwanini, naye akaliitikia.

Mwaka jana, miezi ya baridi, vikapu vya shangazi vilianza kurudi, kimoja baada ya kingine. Kwa utaratibu wa kikundi, kilichofuata nacho kikirudi, nafasi yake angepewa msukaji mwingine. Aliniomba nimsindikize kukipeleka. Njia nzima alikibeba mwenyewe, amekifunika kitenge kama mtoto mchanga.

Kilicheza. Kidogo tu, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa chai.

Devota akauliza kwa nini. Shangazi akasema kitako hakikubana. Kwa nini hakikubana? Milulu ya mwaka huu migumu. Devota akamwonyesha vikapu vya wenzake, vya milulu ya bonde lile lile, vimetulia kwenye rafu. Kwa nini, basi?

"Baridi," shangazi akasema.

"Baridi ni yetu sote, Mama."

Shangazi alikitazama kikapu cha ukutani. Nilidhani atamkumbusha ni nani aliyemfundisha. Alitaka; nilimwona akifungua mdomo. Badala yake akaweka mikono yake juu ya meza, vifundo vimevimba kama tangawizi.

"Basi andika vidole."

Devota hakuandika. Alikunja kile kitenge taratibu, akamrudishia pamoja na kikapu.

Shangazi hakukifumua. Jumapili ya mavuno alikijaza mahindi yaliyopukuchuliwa akakipeleka altareni, na katikati ya mahubiri kikalala upande, punje zikamwagika. Wasukaji wenzake wakainamisha vichwa. Yeye alicheka mpaka padre naye akatabasamu. Baada ya misa, sadaka zilipopigwa mnada uwanjani, katekista Liberatus alikiinua juu, na mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Devota. Shangazi akaongeza dau. Devota akaongeza. Shangazi akaongeza tena.

"Mama, niachie hiki," Devota akasema.

"Wewe ulishakikataa, mwanangu. Na ulikikataa vizuri. Usije ukaniharibia kazi niliyokufundisha."

Watu wakacheka. Devota akashusha mkono, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kikapu kiko jikoni kwa shangazi, kimewekewa kigae upande mmoja kisicheze, na nikienda kumsalimu hunitolea viazi humo. Stoo sasa haendi. Jioni hukaa barazani, peke yake, mikono imelala mapajani, akiimba nyimbo zile zile za Kihehe. Hanyamazi.