Picha ya Mbunge Ukutani

Hadi leo sijajua yule mtu alikuwa nani. Tulikuwa tukisubiri mafuta kwenye mashine ya kukamua alizeti pale Ikungi. Aliingia, akaitazama picha ya mbunge wetu ukutani, yule anayekitaka chama chake kijirekebishe.

“Mama, huyu ni ndugu yako?” alimuuliza mwenye mashine kwa upole.

“Ni mbunge wetu sote, baba.”

“Haya. Na leseni ya mashine unayo?”

Akaondoka bila kungoja jibu. Sote tukainamia ndoo zetu. Tuliamua picha ishushwe, lakini hakuna aliyenyanyuka. Woga wetu nao una adabu.

Jioni mbunge akapita kusalimia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, picha yako inanitisha.”

Hakuuliza kwa nini. Alivuta kiti, akapanda, akaishusha mwenyewe.