Sweta Iliyonimeza

Harufu ya sweta ya sufu iliyolowa, ikikaukia karibu na moto wa kuni, hunirudisha kijijini kwetu Kibirichia, darasa la pili, wakati nilipotunga sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza.

Sweta yangu ya shule ilifumwa sokoni baada ya mavuno ya viazi. Fundi alinipima kifua. Mama akasema, "Ongeza."

Fundi akaongeza.

"Ongeza tena. Na mikono pia."

"Mama Karimi, huyu mtoto ataogelea humu!"

"Wewe fuma tu. Wangu anakua kama kabichi."

Kwetu kila mtoto alinunuliwa nguo ya kukulia, kwa hiyo sikushangaa. Lakini hii ilinimeza. Mikono ilikunjwa ikakunjwa tena, pindo likagusa magoti, na wavulana wakaniita Gunia.

Siku hizo mwalimu alikuwa akitufundisha neno "big", na sijasikia mtu akilieleza vizuri kumshinda. Aliweka kiazi mezani, akauliza kama ni big. Tukapaza sauti, "Yes!" Akaweka kabichi kando yake. Kiazi kikaonekana kidogo.

"Mnaona? Kabla ya kusema big, angalia kitu chako kimekaa karibu na nini."

Kisha akataka sentensi. Nikasimama: "My sweater is big." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu peke yake ndiye aliyenipigia makofi.

Jioni nilimwambia mama huku nikilia, "Sweta yangu ni big."

"Big ni nini?"

"Ni kubwa kuliko mimi."

Alicheka mpaka kile kikohozi chake cha tangu mvua zilizopita kikamkamata, akaegemea ukuta kupumzika. "Basi iache iwe big, Karimi. Itakungoja."

Hakuyafikia mavuno yaliyofuata.

Niliendelea kuivaa. Kila mwaka niliikunjua mikono kidogo. Nikiwa darasa la saba, asubuhi moja yenye baridi, niliivaa na pindo la mkono likatua sawasawa kwenye kifundo cha mkono. Nikageuka haraka nimwonyeshe mtu. Jikoni hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa.

Mama hakuipima sweta ile kwangu mimi wa siku ile. Aliipima kwa msichana mrefu ambaye yeye mwenyewe alijua hatamwona, nami nikaiweka karibu na mtoto wa darasa la pili, nikalia.

Angekuwepo, ningemwambia tu kwamba imenikaa.